Onyo lisilosomeka si onyo

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Ni methali tamu, na walimu wa Kiswahili huipenda kwa kuwa huwafungulia wanafunzi wao mlango wa kujadili fumbo na ufumbuzi. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo methali hii haifai kulitawala hata kidogo, nalo ni la vyanzo vya mionzi vilivyokoma kutumika katika hospitali, viwanda na kazi za ujenzi. Hapa asiyejua maana sharti aambiwe maana, tena aambiwe mapema, na aambiwe kwa lugha anayoielewa. Asipoambiwa huenda akafa, na huenda akafa pamoja na wanawe.

Yamkini msomaji atajiuliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema juu ya kobalti na siziamu. Kazi hiyo si ya wanafizikia? Ni yao, na sina nia ya kuwapokonya. Lakini ukizisoma kwa makini habari za ajali za vyanzo hivi, utagundua kwamba mara nyingi fizikia ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Risasi nzito ilikuwa imefunika kilichopaswa kufunikwa, na alama ilikuwa imebandikwa. Kilichokosekana ni maana kufika kwa mtu aliyeihitaji. Hilo ni suala la lugha, na juu ya lugha nina haki ya kusema.

Natuchukue kisa cha Samut Prakan, mkoa unaopakana na Bangkok nchini Thailand. Kampuni moja ilikuwa na mashine tatu za zamani za kutibu saratani, ambazo hazikuwa zikitumika. Ilizihamisha kutoka katika ghala na kuziweka mahali pa kuegesha magari, pasipo ulinzi wa maana na bila idhini ya wakuu wa nishati ya atomiki wa nchi hiyo. Mnamo Januari 2000 kichwa cha mojawapo ya mashine hizo, chenye kobalti-60 ndani, kilichukuliwa na kuuzwa kama chuma kikuukuu. Februari mosi kilifikishwa katika yadi ya vyuma na kukatwa kwa moto wa gesi. Hadi madaktari walipotambua, tarehe 18 ya mwezi huo, kwamba maradhi ya wagonjwa wao yalitokana na mionzi, watu kumi walikuwa wamepata kipimo kikubwa mno. Watatu kati yao walifariki dunia.

Je, kichwa kile hakikuwa na onyo? Kilikuwa nalo. Kilikuwa na ile alama ya kimataifa ya mionzi, duara dogo lililozungukwa na mabawa matatu. Lakini hapakuwa na onyo kwa Kithai, na watu wale hawakuijua alama yenyewe. Mbele ya macho yao palikuwa na onyo, na bado hawakuonywa.

Wanafunzi wa isimu hukutana mapema na jina la Ferdinand de Saussure, yule Mswisi aliyetufunza kwamba uhusiano baina ya kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya sauti za neno "mti" zimaanishe mti. Tumekubaliana tu, na asiyekuwamo katika makubaliano hayo hana cha kuelewa. Alama ya mabawa matatu, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka wa 1946, ni ya nasibu vivyo hivyo. Katika mihadhara yangu huichora ubaoni bila maelezo na kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wananiambia nini. Mmoja husema ni pangaboi, mwingine ni ua, mwingine ni nembo ya kampuni ya magari. Hawa ni vijana waliopasi mtihani wa Kidato cha Nne. Sembuse fundi wa jua kali ambaye hakupata bahati ya kufika huko?

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, lililitambua tatizo hili. Mwezi wa Februari 2007 lilizindua alama ya nyongeza. Hii ni ya pembetatu nyekundu, na ndani yake mna mabawa yanayotoa miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Kabla ya kuidhinishwa ilijaribiwa kwa watu 1,650 katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo. Alama hii hubandikwa kwenye kifaa chenyewe, karibu na chanzo, mahali ambapo haionekani mpaka mtu aanze kukifungua kifaa. Haikukusudiwa kuwekwa milangoni wala kwenye malori. Ni hatua njema, kwa kuwa mtu anayekimbia husomeka kwa urahisi zaidi kuliko pangaboi. Lakini vifaa vingi vilitengenezwa miaka mingi kabla ya 2007, na picha, hata ikiwa nzuri namna gani, haijibu maswali yote. Nikimbie wapi? Nimwambie nani? Niliyoyagusa niyafanyeje? Hayo hujibiwa kwa maneno.

Kabla sijaendelea, ni vyema nieleze kwa ufupi tunazungumzia nini. Chanzo cha mionzi ni kipande cha mada nururifu, aghalabu kidogo sana, kilichozibwa ndani ya kibonge cha chuma. Hutumiwa kutibu saratani, kuchunguza viungio vya mabomba ili kuona kama vimechomelewa sawasawa, kupima ushindiliaji wa udongo wakati wa kujenga barabara, na kupima ujazo wa matangi viwandani. Faida zake ni kubwa, na sitaki msomaji adhani ninampigia mbiu ya kuichukia sayansi. Tatizo huja baada ya kazi kwisha.

Hapa pana tofauti ambayo kila mwalimu angepaswa kuieleza darasani. Mashine ya eksirei ikikatiwa umeme haitoi tena mionzi, na ukiikuta jaani ni chuma tu. Chanzo cha mionzi hakina swichi. Hakizimwi, hupungua chenyewe kwa kasi yake, awe anakitumia mtu au asikitumie. Nguvu ya kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa. Siziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Amerisiamu-241, ambayo huwamo katika baadhi ya vipimo vya mafundi wa barabara, huchukua zaidi ya miaka 430. Hospitali huweza kusema kwamba kobalti yake imechoka na haifai tena kutibu, lakini kilichochoka kwa tabibu bado kina nguvu ya kumwua mwokotaji.

Ushahidi uko Goiânia, nchini Brazil. Zahanati moja ya tiba ya mionzi ilihamia jengo jipya mwishoni mwa mwaka wa 1985, ikaiacha mashine yake ya siziamu katika jengo la zamani bila kuwaarifu wakuu waliotoa leseni. Jengo likabomolewa nusu. Septemba 1987 watu wawili waliokuwa wakitafuta chuma waliing'oa sehemu yenye chanzo na kuiuza kwa mwenye yadi. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu usiozidi gramu 93, nao uling'aa rangi ya samawati gizani. Watu waliustaajabia, wakagawiana kama zawadi na wengine kujipaka mwilini. Wiki mbili baadaye mwanamke mmoja, mke wa mwenye yadi, alishuku kwamba unga ule ndio uliowaugua watu wake, akaupeleka katika ofisi ya afya kwa basi. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 walipatikana na uchafuzi, na wanne walikufa, akiwamo msichana wa miaka 6. Mama yule hakuwa na elimu ya fizikia. Alikuwa na macho na akili, na mwenye mashine angalimwambia neno moja tu, asingalihitaji kulivumbua kwa kifo.

Wataalamu hukiita chanzo cha namna hii "yatima". Jina hilo halinipendezi. Kwetu yatima ni aliyefiwa, na tumefunzwa kumwonea huruma bila kumtafuta mkosaji. Chanzo cha Goiânia hakikufiwa. Mzazi wake alikuwa hai na alijulikana anakokaa. Kilitelekezwa, na mwenye kutelekeza hudaiwa. Vivyo hivyo neno "taka". Tunapoandika kwamba kiwanda fulani kina "taka za mionzi", tunamwalika chokoraa. Taka ni kitu kisicho na mwenyewe, nacho huenda jaani, na jaani ndiko wengine wanakotafuta riziki. Ningependelea tuseme na kuandika "chanzo kilichokoma matumizi", ili ieleweke kwamba kilichokoma ni matumizi wala si hatari, na kwamba mwenyewe bado yupo.

Safari ya kukiondoa chanzo hicho nayo ina mambo yake. Kanuni za kimataifa za usafirishaji, ambazo Shirika la Vienna lilizitoa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1961, ni kali. Kasha la kubebea vyanzo vyenye nguvu kubwa sharti listahimili kuangushwa kutoka kimo cha mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, na moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa. Nje yake hubandikwa kibandiko cha umbo la almasi chenye nambari 7. Makasha hayo yametengenezwa vyema kwa ajili ya ajali. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua kilichomo na mwenye nyundo mkononi.

Desemba 2013 lori lililobeba kobalti kutoka hospitali ya Tijuana, Mexico, kuelekea kituo cha kuhifadhia, liliibwa lilipokuwa limesimama katika kituo cha mafuta. Yaelekea wezi walilitaka lori tu. Siku mbili baadaye chanzo kilipatikana karibu na Hueypoxtla, kikiwa kimetolewa ndani ya kinga yake na kutupwa shambani. Kibandiko cha nambari 7 hakikuwazuia.

Sasa hebu tuihamishe picha hiyo hadi kwenye barabara yetu kuu ya kutoka Mombasa kuelekea bara. Lori la mizigo likipinduka hapa kwetu, wa kwanza kufika si polisi. Tusisahau Sachangwan, karibu na Molo, ambako mnamo Januari 31, 2009 watu zaidi ya 100 waliteketea walipokwenda kuchota mafuta kutoka kwa lori lililopinduka. Waliokufa pale waliijua petroli tangu utotoni mwao, na bado umaskini na mazoea viliwazidi nguvu. Itakuwaje kwa kasha ambalo hawajapata kuliona, lenye kibandiko wasichokijua, na uzito wa chuma unaoashiria bei nzuri? Dereva na utingo wake, ambao ndio watakaokuwapo kuwapigia watu kelele, watapiga kelele gani kama wao wenyewe hati za mzigo wamepewa kwa Kiingereza cha maabara?

Serikali yetu haijalala kabisa, na si haki kusema hivyo. Kenya imekuwa na sheria ya kujikinga na mionzi tangu miaka ya themanini. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, na kipo kituo cha kitaifa cha kuhifadhia vyanzo hivi huko Oloolua, karibu na Ngong. Njia za kuviondoa vyanzo kwa usalama zinajulikana. Ya kwanza ni kumrudishia mtengenezaji, na sharti hilo huandikwa katika mkataba siku ya kununua, si siku ya kutupa. Ya pili ni kukihifadhi katika kituo cha taifa mpaka kipungue nguvu. Ya tatu, kwa vile visivyorudishika na vinavyodumu karne nyingi, ni kuvizika ndani ya vibonge vya chuma na saruji katika kisima chembamba chenye kina kinachozidi mita 30, njia ambayo Ghana na Malaysia ni miongoni mwa nchi zilizojitokeza kuifuata. Tangu 2015 ipo pia sheria ya biashara ya vyuma vikuukuu, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni.

Lakini zote hizi ni njia za aliye ndani ya ofisi. Mchuuzi wa vyuma aliye Gikomba au Kariobangi hazimfikii, kwa sababu zimeandikwa kwa lugha ambayo si yake. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikiwa maneno hayo yana uzito wowote, basi uzito wake wa kwanza ungepaswa kuonekana pale ambapo kutoelewa ni kufa.

Zipo hoja mbili ambazo husemwa dhidi ya rai hii. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyasema mambo haya. Hiyo ni hoja kongwe na dhaifu. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Fauka ya hayo, onyo halihitaji istilahi. Tazama sentensi mbili hizi. "Tahadhari: kifaa hiki kina mada nururifu yenye kutoa mionzi ayonishi." Na hii nyingine: "Usifungue. Utakufa. Ondoka, waite polisi." Ya kwanza ni sahihi na haimwokoi mtu. Ya pili haina jina hata moja la kisayansi. Ni vitenzi vitupu, na mtoto wa darasa la pili ataisoma. Wanaotunga maonyo wangeketi na walimu wa lugha kwa saa moja, tungepata maandishi ya namna hiyo.

Hoja ya pili ni kwamba kuutangazia umma kutawazindua wahalifu, hivyo bora siri. Nakubali kwamba si busara kutangaza chanzo gani kiko wapi na kitasafirishwa lini. Hiyo iwe siri. Lakini maana ya alama haiwezi kuwa siri, kwa sababu alama ya siri si alama tena. Wale wa Samut Prakan hawakuwa magaidi. Walikuwa watu wakitafuta chakula.

Isitoshe, kuna vyanzo visivyoandikika chochote. Mjini Mohammedia, Morocco, mwaka wa 1984, kipande cha iridiamu-192 kilichotumiwa kuchunguza viungio vya mabomba kilidondoka, nacho hakikuwa na alama yoyote mwilini mwake. Mpita njia alikiokota na kwenda nacho nyumbani, na watu wanane wakafa, huku ikidhaniwa kwanza kwamba walikula sumu. Januari 2023, huko Australia Magharibi, kibonge cha siziamu chenye urefu wa milimita 8 kilipotea kutoka kwenye lori katika safari ya kilomita 1,400 hivi. Huwezi kuandika onyo juu ya kitu kilicho kidogo kuliko punje ya hindi. Ndipo wakuu wakatangaza: ukikiona usikiguse, kaa mbali nacho kwa mita 5, utoe habari. Tarehe 1 Februari kilipatikana kando ya barabara, na hakuna aliyeumia. Pale ambapo kitu hakisemi, sharti wenyeji wawe wamekwisha kuambiwa.

Ndiyo sababu ninaandika ukurasa huu kwa walimu na wanafunzi. Mada ya unururifu imekuwamo katika silabasi ya fizikia ya Kidato cha Nne, na wanafunzi wamekuwa wakikokotoa muda wa kupungua nusu hata wakiwa usingizini. Wameikokotoa kwa Kiingereza, wakaiandika katika karatasi ya mtihani, ikabaki humo. Mwalimu wa fizikia na yule wa Kiswahili hawajapata kukutana juu ya jambo hili. Naomba wakutane. Chora alama zote mbili ubaoni, ile ya 1946 na ile ya 2007. Waambie wanafunzi watunge onyo la maneno yasiyozidi kumi, kisha waende wakalisome nyumbani, sokoni, na katika yadi ya vyuma iliyo karibu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Waeleze vilevile kwamba aliyepigwa na mionzi si mwenye kuambukiza kama mgonjwa wa kipindupindu, ila akiwa na vumbi lake mwilini au nguoni. Goiânia watu waliandamana hadi makaburini kuzuia maziko ya yule msichana wa miaka 6. Ujinga uliomwua ndio uliomfuata hadi kaburini.

Kwa Mamlaka ya Udhibiti ombi langu ni fupi. Kusiwe na leseni ya kuingiza, kutumia wala kusafirisha chanzo cha mionzi nchini mpaka onyo la Kiswahili liwe limepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi ya kubanduka, na mpaka dereva awe ameelezwa kwa Kiswahili alichobeba. Gharama yake ni rangi na muhuri. Kwa wenye hospitali, viwanda na kampuni za ujenzi walio na chombo cha zamani kilichofunikwa turubai chumba cha nyuma, nasema hivi: ninyi ndio mnaojua maana. Toeni habari leo, kabla jengo halijabomolewa na kabla mtu mwenye msumeno hajapita mlangoni penu.